Chati ya Ukutani ya Jua: Yafaa Kununuliwa, Ila Mishale Yake Haijakamilika

Kwa walimu wa sayansi na wazazi wa Kigoma wanaoulizia vifaa vya kufundishia, ipo chati kubwa ya Jua iliyoandikwa kwa Kiswahili, ambayo inauzwa kwa shilingi 15,000 katika duka moja la vifaa vya shule upande wa Mwanga, na bei hiyo haipunguzwi. Nimeitundika darasani na kuifundishia, na naona inastahili fedha yake, ingawa sehemu iliyo muhimu kuliko zote, yaani ile inayopaswa kueleza kwa nini Jua halilipuki wala halijiporomokei, imefanywa kwa haraka mno.

Karatasi yake ni nzito, imefunikwa nailoni pande zote mbili, na matundu ya kuning'inizia yamewekewa pete za chuma, kwa hiyo haichaniki upesi. Nailoni hiyo hata hivyo inang'aa sana, na chati ikitundikwa mkabala na dirisha, wanafunzi waliokaa pembeni hawasomi kitu.

Mchoro mkuu unaonyesha Jua lililochanwa nusu, kuanzia kitovu hadi uso unaoonekana, na takwimu zilizoandikwa humo nimezikagua moja moja: kipenyo cha kilomita milioni 1.39 hivi, kitovu chenye joto la nyuzi za Selsiasi zipatazo milioni 15, na uso wenye nyuzi 5,500 hivi. Zote ni sahihi. Maelezo yaliyo chini ya mchoro yanasema wazi kwamba Jua haliungui, bali protoni, ambazo ni viini vya haidrojeni, hugongana kitovuni na kuungana kwa hatua mpaka protoni 4 zinaishia kuwa kiini kimoja cha heliamu, ambacho masi yake ni pungufu kwa asilimia 0.7 hivi ukilinganisha na zile 4 zilizoanza. Upungufu huo ndio unaogeuka nishati kwa kanuni ya Einstein. Kila sekunde tani zipatazo milioni 600 za haidrojeni hugeuzwa heliamu, na tani milioni 4 hivi kati yake hutoka zikiwa nishati. Sijawahi kuona chati ya bei hii iliyolieleza jambo hilo kwa unyoofu kiasi hicho.

Ajabu ni kwamba kwenye kona ya chini mchoraji ameweka jiko la mkaa, makaa yakiwa mekundu, na mstari wa kuliunganisha na Jua, kana kwamba hakusoma maneno ya mwenzake. Picha hiyo ni ya kuzibwa kwa karatasi. Jua lingekuwa linaungua kama mkaa lingekwisha kwa miaka elfu chache tu, na hata hesabu ya mwanafizikia Kelvin katika karne ya 19, iliyodhani kwamba joto linatokana na Jua kusinyaa, iliishia kwenye mamilioni ya miaka, ilhali umri wake ni miaka bilioni 4.6. Ni mwaka 1920 ndipo mwanafalaki Eddington alipotoa hoja kwamba haidrojeni kugeuka heliamu kungetosha kulilisha Jua, na mwaka 1939 mwanafizikia Hans Bethe akachapisha hatua zenyewe. Historia hiyo ingeenea vizuri pale lilipochorwa jiko.

Jingine linalokosekana ni maelezo ya jinsi kazi hii ilivyo ya polepole. Ili protoni 2 ziungane, sharti moja igeuke nyutroni, yaani chembe ya kiini isiyo na chaji, wakati uleule zinapokutana, na jambo hilo ni la nadra kiasi kwamba protoni ya kawaida hungoja mabilioni ya miaka. Mita moja ya ujazo ya kitovu hutoa wati zisizofika 300. Nishati inakuwa nyingi kwa sababu Jua ni kubwa. Chati pia inasema mwanga hutufikia kwa dakika 8 na sekunde 20, na ni kweli ukihesabu kutoka usoni, lakini nishati iliyozaliwa kitovuni huchukua makumi ya maelfu ya miaka au zaidi kufika huko usoni. Nyutrino, chembe ndogo mno zinazozaliwa katika muungano huo na ambazo hutoka moja kwa moja bila kuzuiwa, hazikutajwa kabisa.

Sasa nije kwenye mishale inayopaswa kuonyesha nguvu zilizomo ndani ya Jua. Yote imechorwa ikielekea nje, na mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliitazama akauliza, "Sasa mwalimu, mbona halijatawanyika?" Swali lake lilikuwa la haki. Masi ya Jua ni mara 330,000 hivi ya masi ya Dunia, na uzito huo huvuta kila tabaka kuelekea kitovuni, wakati gesi iliyobanwa na kupashwa joto husukuma kuelekea nje. Katika kila kina nguvu hizo mbili hulingana. Tena ulinganifu huo hujirekebisha wenyewe: muungano wa viini ukizidi kasi, kitovu hupata joto na kutanuka, kikitanuka hupoa, na muungano hupungua, ukipungua kupita kiasi, uzito wa tabaka za juu hukibana kitovu, joto hupanda, na muungano huongezeka tena. Haimaanishi kwamba Jua halibadiliki hata kidogo, kwa kuwa heliamu inavyorundikana kitovuni mwangaza huongezeka polepole sana, na leo ni zaidi kwa asilimia 30 hivi kuliko lilipoanza. Haya yote yamepewa sentensi moja tu: "Jua liko imara kwa sababu ya mvutano."

Nimechora mishale ya kuingia ndani kwa makapeni ya ubao mweupe, ambayo inashika vizuri juu ya nailoni na kufutika kwa kitambaa kikavu, na sasa huwaita wanafunzi waichore wao. Anayeinunua kwa ajili ya shule ya Kasulu au Uvinza aombe isikunjwe bali iviringishwe, maana muuzaji ana mazoea ya kukunja, na alama ya kunjo la katikati hupita juu ya kitovu chenyewe na haiondoki.