Filamu 25 za James Bond: zenye nguvu ni zile zinazogombea jambo dogo

Tangu baridi ya Juni ianze kuuma hapa Iringa, nimezitazama upya filamu zote 25 za mfululizo rasmi wa James Bond, jasusi wa Uingereza, kutoka Dr. No ya mwaka 1962 hadi No Time to Die ya mwaka 2021, kwa mpangilio wa miaka, sebuleni kwetu Kihesa, pamoja na mama mdogo ambaye alikuwa hajawahi kuona hata moja. Nilianza nikiamini kwamba ubora wake unategemea ni mwigizaji gani amevaa suti ya Bond, kwa kuwa ndivyo tunavyobishana siku zote, huyu akimtetea Sean Connery na yule akimtetea Daniel Craig. Nimemaliza na imani nyingine kabisa: filamu hizi huwa na nguvu pale jambo linalogombewa linapokuwa dogo kiasi cha kushikika mkononi, na hulegea pale dunia nzima inapowekwa rehani.

Casino Royale ya mwaka 2006 naiweka juu ya zote. Adui wake, Le Chiffre, hana mpango wa kuitawala dunia. Yeye hutunza fedha za watu wabaya. Anapokea fedha za kiongozi wa waasi katika kambi ambayo maandishi ya skrini yanatuambia iko Mbale, Uganda, anabashiri kwazo kwamba hisa za kampuni ya ndege zitaporomoka, Bond anaivuruga njama ya kuilipua ndege yenyewe, na fedha zote zinapotea. Yeyote aliyewahi kuwa kwenye kikoba anamwelewa mtu huyu papo hapo: ni mweka hazina aliyezichezea fedha za wanachama huku siku ya mgao inakaribia. Ndiyo maana mchezo wa karata kule Montenegro, ambao ni watu waliokaa tu kuzunguka meza, unatisha kuliko mabomu. Katikati ya mchezo, wenye fedha wanafika, Bond anapigana nao kwenye ngazi za hoteli, kisha anarudi chumbani kwake, ananawa damu mbele ya kioo, anakunywa kinywaji kikali, anavaa shati safi na kurudi mezani. Kwangu mimi, shati lile safi lina uzito kuliko magari yote yaliyolipuliwa katika mfululizo huu.

Ushahidi kwamba mwigizaji si kipimo ni Roger Moore. Katika Moonraker ya mwaka 1979, iliyotengenezwa haraka baada ya filamu za anga za juu kupata umaarufu, tajiri Drax anataka kuwaua wanadamu wote na kuanza kizazi kipya kutoka kwenye kituo chake angani. Iliingiza fedha nyingi sana, lakini hofu haipo, kwa sababu hakuna mtazamaji anayeweza kuwaogopea wanadamu wote kwa mpigo. Miaka miwili baadaye Moore yuleyule akaigiza For Your Eyes Only, ambamo kinachotafutwa ni mashine moja ya mawasiliano iliyozama na meli. Bond anapanda jabali la Meteora huko Ugiriki, anaanguka na kuning'inia kwenye kamba, na mlinzi aliye juu anazing'oa pini za kamba hiyo moja baada ya nyingine. Bond anafungua kamba za viatu vyake, anazifunga kwenye ile kamba kubwa, na kujivuta kwazo kidogo kidogo. Sisi tuliokulia chini ya jiwe la Gangilonga tunajua mwamba unavyokuwa mrefu ukiwa katikati yake. Mama mdogo aliweka kikombe cha chai chini na hakukigusa tena mpaka Bond alipofika juu.

From Russia with Love ya mwaka 1963 inatimiza hayo hayo ndani ya behewa la treni lisilozidi upana wa stoo, na sanduku lenye gesi linalomwokoa Bond tulishaonyeshwa mapema. Gari lisiloonekana la Die Another Day, ya mwaka 2002, linanisikitisha zaidi kwa sababu filamu ile inaanza vizuri, Bond akiwa mfungwa kwa miezi 14 Korea Kaskazini, kabla ya hadithi kukabidhiwa kwa setilaiti inayochoma ardhi.

Quantum of Solace ya mwaka 2008 ndiyo inayonipa shida, kwa kuwa jambo lake ni dogo na la kweli: mtu anazuia maji ya chini ya ardhi huko Bolivia ili awauzie wenyeji kwa bei anayotaka. Katika mkoa wetu, ambako Ruaha Mkuu hukatika kiangazi huku wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu wakilaumiana, hakuna adui wa Bond aliyepaswa kutugusa kuliko huyo. Lakini picha zimekatwakatwa kwa kasi kiasi kwamba hujui nani kampiga nani, na mgomo wa waandishi wa Hollywood uliiacha na hadithi isiyokomaa. Wanakijiji waliokaukiwa wanaonekana kwa muda mfupi mno, kisha tunarudishwa kwenye milipuko.

Spectre ya mwaka 2015 sitaisemea mengi. Kumfanya Blofeld, adui mkuu wa Bond, kuwa mtoto wa mlezi wake, na chanzo cha misiba yote ya Bond, kunayapunguzia uzito hata matukio ya filamu zilizotangulia.

Blofeld aliye bora zaidi yumo katika On Her Majesty's Secret Service ya mwaka 1969, filamu pekee ya George Lazenby. Anatishia mazao na mifugo, lakini anachokidai ni msamaha na cheo cha ukabaila. Mwishoni Bond anaoa, anasimamisha gari kando ya barabara ili aondoe maua ya harusi, na risasi zinapita. Anamwambia askari aliyefika kwamba mkewe amepumzika tu, hakuna haraka, na picha ya mwisho ni kioo cha gari chenye tundu la risasi. Usiku ule mama mdogo hakutaka niweke inayofuata.