Sentrifuji yenye hita ya kupimia maji kwenye mafuta ghafi: uzoefu wangu

Kwa kazi ya kila siku, yaani kujua kisima kinatoa maji kiasi gani au kama tangi liko tayari kupakuliwa, sentrifuji hii, yaani mashine inayozungusha mirija kwa kasi ili maji yatengane na mafuta, inafaa. Kwa mafuta ya kuuziana siitegemei: sentrifuji karibu kila mara husoma maji pungufu ya yaliyomo. Hapo tumia mtambo wa Dean-Stark, unaochemsha sampuli na kukusanya maji yake, au kipimo cha Karl Fischer, kinachopima maji kwa kemikali.

Inabeba mirija minne ya glasi yenye ncha, ya mililita 100. Kipenyo cha mzunguko, ncha hadi ncha mirija ikiwa imelala, ni milimita 381, hivyo yatakiwa mizunguko kama 1,680 kwa dakika ili kufikisha nguvu mara 600 ya uvutano. Muuzaji anayekutajia mizunguko bila kipenyo hajakwambia kitu.

Kwenye kila mrija weka mililita 50 za mafuta, 50 za toluini (kiyeyushi cha mafuta) iliyoshibishwa maji, na 0.2 za dawa ya kutenganisha maji na mafuta. Toluini kavu hunywa maji ya sampuli, na ikiwa moto hunywa zaidi, kwa hiyo ishibishe kwenye joto lile lile la kupimia. Pindua mrija mara kumi, pasha hadi nyuzi 60, zungusha dakika 10, soma, kisha pasha na uzungushe tena mpaka vipimo viwili vifuatane sawa. Jumla ya mililita za mirija miwili, yenye mililita 100 za mafuta kwa pamoja, ndiyo asilimia: 0.35 na 0.30 ni asilimia 0.65. Mirija ikipishana zaidi ya mstari mmoja wa kipimo, mwaga uanze upya.

Hita ndiyo inayonikera. Namba ya kwenye kioo ni joto la hewa ya ndani, si la mafuta, na mashine ikianza baridi mafuta hubaki nyuma sana. Iwashe mapema ikiwa tupu, na ikisimama tu, chomeka kipimajoto kwenye mafuta bila kugusa tabaka la chini. Kwa mafuta yenye nta, kama ya Lokichar kule Turkana, nyuzi 60 zisipotosha panda hadi 71, la sivyo nta itaganda na utaihesabu kama mashapo.

Kusoma kwenyewe kunataka jicho lishuke usawa wa mpaka. Maji yaliyotengana vizuri hukata mstari mkali. Ukiona kati yake na mafuta utando wa kahawia mzito kama mtindi, hayo ni maji na mafuta ambayo bado yameshikana. Usiandike chochote, jaribu dawa nyingine.

Na sampuli! Chupa iliyojazwa hadi shingoni haitikisiki, maji hubaki chini, na hakuna mashine itakayokuokoa. Iache na nafasi ya robo.

Kabla ya kulipa, hakikisha mota ni ya aina isiyotoa cheche, maana mvuke wa toluini hushika moto upesi. Agiza pia mirija ya akiba na raba za kukalia. Raba ikichakaa, glasi hupasuka.