Matembezi ya historia Old Moshi: nenda na mzee wako

Jumamosi nilimpeleka baba, ana miaka 78, kwenye matembezi ya historia Old Moshi. Anayetembeza ni kijana wa huko huko, anatoza shilingi 20,000 kwa mtu, baba hakumtoza. Tulikutana Kiboriloni saa tatu asubuhi, "Shikamoo babu" kwanza, ndipo tukapanda naye juu.

Nilidhani tutaanzia kwenye mti Wajerumani walipomnyongea Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa hapo, tarehe 2 Machi 1900. Wapi! Alituketisha migombani akaanza na Rindi, baba yake Meli, na makaratasi. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikaa hapo akitafuta mikataba. Mwaka 1885 akaja Jenerali Mathews kwa niaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, wamangi wakakubali bendera ya sultani. Hata miezi miwili haikuisha, Jühlke, mtu wa Karl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta makoloni, akaondoka na mkataba wa Rindi mkononi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakachora mpaka wao kwa wao, mlima Kilimanjaro ukaangukia kwa Wajerumani. Hakuna mangi aliyeitwa.

Hapo kijana akachuma jani la sale, mmea wa Wachagga wa kuombea radhi. Mchagga ukimkosea mwenzako, unampelekea sale, mnasikilizana. Akatuuliza: aliyezoea agano la namna hiyo, karatasi ya Kijerumani aliionaje? Baba akamjibu kwamba Rindi hakuwa mjinga, alitafuta rafiki mwenye bunduki dhidi ya mpinzani wake Sina, mangi wa Kibosho. Wakabishana karibu saa nzima, kwa heshima, na mimi nakwambia saa hiyo peke yake inatosha ile elfu ishirini. Kweli, mwaka 1891 Wajerumani walimpiga Sina. Mwaka uliofuata wakamgeukia Meli, akawashinda. 1893 wakarudi na nguvu kubwa zaidi.

Kasoro zipo. Hana nakala ya mkataba hata mmoja wala ramani ya ule mpaka, na mambo haya yanataka kuonekana kwa macho. Njia inateleza mvua ikinyesha, mzee aje na fimbo. Kilichoniuma ni pale kwenye mti: baba amevua kofia, amesimama kimya mbele ya sanamu ya Meli, kijana anaangalia saa kwa sababu kundi lingine linamsubiri.

Ukimpigia, mwambie mapema kwamba pale mnataka nusu saa nzima.