Mshumaa wa Masikio: Niliuwasha Bila Sikio, Oneni Kilichobaki Ndani

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo mezani ninao huu hapa, mshumaa wa masikio, ambao wengi mmeniulizia. Na mimi nina sababu yangu. Shangazi yangu alitoka saluni moja alikowekewa mshumaa huu, amekifunga kipisi kilichobaki kwenye karatasi, akanifungulia: "Mwanangu, ona uchafu ulionitoka." Wiki mbili baadaye sikio bado limeziba.

Tuutazame kwanza. Ni mrija wa kitambaa cha pamba kilichochovywa kwenye nta ya nyuki, urefu wake kama shubiri moja, ndani una uwazi. Mtu analala ubavu, ncha nyembamba inaingizwa sikioni, ya juu inawashwa moto. Wauzaji wanasema joto likipanda linavuta hewa, na hewa inaivuta nta ya sikio itoke.

Sasa angalieni kwa makini. Nimetoboa kifuniko cha chupa ya jamu, chupa nimeiosha na kuikausha jana, haina kitu. Nauchomeka hapa, nawasha... Tuusubiri uungue. Haya, nauzima. Nakichana kipisi kwa mkasi. Mnaona? Unga wa kahawia, na mabonge ya njano yanayonata. Ni kile kile alichonionyesha shangazi! Na hapa hapakuwa na sikio la mtu. Hiyo ni nta ya mshumaa wenyewe na masizi ya kitambaa.

Ninakazia hapa kwa sababu kipisi hiki ndicho kinachouza. Mtu akishaoneshwa uchafu kwa macho yake, utamwambia nini?

Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vyao vya mishumaa hii. Mvuto wa hewa haukuwepo kabisa. Masikio waliyoyajaribu hayakutoa nta, tena mengine yaliongezewa nta ya mshumaa. Waliwauliza pia madaktari 122 wa masikio, pua na koo, wakapata taarifa za majeraha 21: mengi ni ya kuungua, mengine sikio kuzibwa na nta iliyodondoka, na moja kiwambo cha sikio kutoboka, yaani ile ngozi nyembamba ya ndani. Mwaka 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaandikia watengenezaji barua za onyo.

Halafu kuna hili la neno "Hopi", utalikuta kwenye matangazo mengi ya mishumaa hii. Wahopi ni wenyeji wa asili wa Arizona, huko Marekani, na wenyewe wamesema hadharani kwamba hiyo si desturi yao, wakaomba jina lao liondolewe. Limeniuma sana. Kwetu neno "asili" lina heshima, tunamsikiliza bibi akitutajia majani ya mti fulani kwa sababu tunajua ameyapokea kwa mamaye. Hapa mtu amechukua jina la watu wengine akalibandika kwenye boksi.

Kwangu bidhaa hii haina alama hata moja. Msiwawekee watoto, nawasihi, mtoto akigeuka ghafla ni moto huo usoni.

Nta ya sikio si uchafu, jamani. Inalinda ngozi ya ndani, na taya zikitafuna inasogea yenyewe kuja nje. Vile vijiti vya pamba ndivyo vinavyoirudisha ndani ikashindiliwa. Ikiziba, matone machache ya mafuta ya zeituni yanailainisha, yasiwe ya moto. Ila kama sikio linatoa usaha, linauma, au kiwambo kimewahi kutoboka, usitie kitu chochote. Nenda kwa daktari.

Shangazi nilimpeleka zahanati. Alitia mafuta siku tano, akarudi, muuguzi akamsafisha kwa maji ya uvuguvugu. Tulipotoka nje akasimama barabarani, ameshika shavu, akaniuliza bajaji zimeanza lini kupiga kelele namna hii.