Miezi nane na sufuria ya umeme ya kupika polepole, na chopsi za nguruwe zilivyonisumbua mpaka nikazipatia

Hii sufuria nimeitumia miezi nane sasa, ile yenye chungu kizito cha kauri ndani na mfuniko wa kioo, ya lita 6, swichi yake moja tu ya kuzungusha: kuzima, joto dogo, joto kubwa na kutunza joto. Niliinunua kwa ajili ya chopsi za nguruwe za chakula cha jioni, maana kwangu tuko sita mezani na mimi narudi nyumbani nimechoka. Kwa hiyo nitaongelea hizo chopsi zaidi, hayo mengine yanayopikika humo nitayagusa tu.

Mara ya kwanza nilichukua chopsi nzuri kwa kuziangalia, nyembamba, hazina mfupa, hazina mafuta, nikazimwagia vikombe viwili vya maji, nikaweka joto kubwa nikaondoka zangu. Jioni nafungua nakuta mchuzi mwingi mweupe na nyama kavu kabisa, kavu ndani ya maji jamani, ukitafuna ni kama unatafuna pamba. Mume wangu alikula kimya. Mdogo wetu akaniuliza, "Mama, hii ni kuku?" Niliumia kweli kwa sababu nilikuwa nimeamka saa 11 alfajiri kuandaa. Wiki iliyofuata nikapunguza maji, matokeo yakawa yale yale, nikaanza kuwaza niiuze.

Aliyenitoa gizani ni muuza nyama. Nilimlalamikia kwamba nyama yake inakauka, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Mama, hizo unazochukua ni za mgongo, hizo ni za kikaango, dakika chache tu zimeiva. Kama unataka za kukaa jikoni mchana kutwa nikukatie za bega." Akanikatia sita, nene kama sentimita 2 na nusu, zina mfupa na mishipa ya mafuta imepita katikati, kwa macho wala hazikupendeza kama zile za mwanzo. Nikazichukua hivyo hivyo.

Na hapo ndipo jambo lote lilipokuwa. Nyama ya mgongo haina mafuta mengi wala zile nyuzi ngumu za kuunganisha, nguruwe wa vipande namna hiyo akifika nyuzijoto 63 ndani halafu ukampumzisha dakika 3 tayari ni salama kula na bado ana maji yake. Sasa hii sufuria ukiiacha masaa mengi inapanda mpaka karibu na kuchemka, nyama ya mgongo inajikamua maji yote na hata ukiizamisha kwenye mchuzi hayarudi. Bega ni kinyume, lina zile nyuzi nyingi, na zikikaa kwenye joto masaa mengi zinayeyuka zinakuwa jelatini, ndiyo ile inayofanya nyama iteleze mdomoni na mchuzi ushike kwenye midomo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema hizi sufuria zinakausha nyama muulize kwanza alipika sehemu gani ya nyama.

Sasa hivi nafanya hivi. Usiku nakata vitunguu maji viwili vikubwa na kumenya punje nne za kitunguu saumu, naweka kwenye friji. Nyama siigusi usiku, kuikaanga nusu halafu kuilaza kwenye friji siyo salama. Asubuhi nazikausha chopsi kwa karatasi ya jikoni, kukausha ni muhimu sana maana zikiwa na maji hazipati rangi, napaka chumvi, pilipili manga na paprika, kikaango kikiwa cha moto sana naziweka tatu tatu, dakika 2 kila upande, bila kuzigeuzageuza. Ukiivuta na ikawa bado imeng'ang'ania iache, ikishapata ile rangi ya kahawia inaachia yenyewe. Kile kilichoganda chini ya kikaango usikioshe, mwagia nusu kikombe cha supu na kijiko cha siki, kwangua na mwiko wa mbao, ongeza vijiko viwili vya nyanya ya kopo, yote hayo yaende kwenye chungu. Vitunguu chini, nyama juu, funika. Nusu kikombe utaona ni kidogo lakini mvuke hautoki, unagonga mfuniko na kurudi, na nyama yenyewe inatoa maji, ukifungua jioni mchuzi umeshajaa.

Saa 12 na nusu asubuhi naweka joto dogo, saa 8 mchana mkubwa wetu akirudi anageuza kwenye kutunza joto, mimi nafika saa 12 jioni. Nikifika natoa nyama taratibu na kijiko kipana, ukitumia uma inakatika, nakoroga kijiko kimoja cha konflawa kwenye maji ya baridi naimwaga kwenye mchuzi, joto kubwa dakika 15, unakuwa mzito. Ukipenda maziwa au krimu weka hapo mwisho pia, ukiweka asubuhi yanakatika.

Kasoro zake zipo na zinaniudhi. Haina saa ya kujizima, ningekuwa sina mtoto wa kuigeuza nisingeipendekeza kabisa kwa mtu anayeshinda kazini, ongeza hela kidogo uchukue yenye taima. Alama za kwenye swichi zilianza kufutika mwezi wa tatu tu tangu niinunue, nimeweka kitone cha rangi ya kucha kwenye joto dogo ili watoto wasikosee. Na chungu cha kwanza kilipasuka, nilimwagia maji ya bomba ya baridi kikiwa bado cha moto, kikalia tak, ufa kutoka juu mpaka chini. Kupata chungu peke yake ilikuwa shida, nimehangaika wiki tano. Kiache kipoe chenyewe, tafadhali.

Kingine, watoto wafundishwe kutofunua kila saa. Kila ukifunua joto linatoka na inahitaji kama dakika 20 mpaka 30 kurudi pale ilipokuwa. Na nyama iliyoganda usiitupie humo, iyeyushe kwanza kwenye friji, vinginevyo inakaa muda mrefu kwenye uvuguvugu ambao vijidudu vinaupenda. Hata maharage mekundu makavu usiyaanzie humo, yaloweke, mwaga hayo maji, yachemshe jikoni kwa nguvu angalau dakika 10 kwanza kwa sababu yana sumu ambayo joto dogo haliiondoi.

Umeme haujanitisha, yangu hata kwenye joto kubwa haifiki wati 300, na jikoni hakuna joto kama la oveni. Tofauti ya joto dogo na kubwa ni mwendo tu, mwishoni zote zinafika karibu pale pale, kwa chopsi za bega mimi nachagua dogo siku zote.

Ningeinunua tena? Ndiyo, ila yenye taima. Jumapili iliyopita mdogo wetu alishika mfupa ukatoka mweupe, hauna hata nyuzi moja, akauinua watu wote wauone, halafu akavuta bakuli la mchuzi upande wake. Nyama ya kubakiza kwa ajili ya kesho haikuwepo.