Uzoefu wangu: baiodizeli kwenye Hilux, Mwanjelwa mpaka Kikondo

Wadau, nina Hilux ya zamani injini 5L, nabeba viazi kutoka Kikondo kuleta Mwanjelwa hapa Mbeya mjini, safari tatu mpaka nne kwa wiki. Tangu mwaka jana mwezi wa tatu natumia baiodizeli, yaani dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya kula, na nimeona mazuri na mabaya yake yote, nayaweka hapa maana kila nikisimama Uyole watu wananiuliza.

Kwanza watu wanadhani namwaga mafuta ya chipsi kwenye tanki. Hapana na usijaribu, mafuta ya kula ni mazito, nozeli haziyapulizi vizuri, yanajaza masizi ndani na injini inachoka taratibu. Hii inatengenezwa. Kuna vijana hapa mjini wanakusanya mafuta yaliyokwisha kazi kwa wakaanga chipsi, wanachuja, wanachanganya na methanoli (aina ya spiriti) na kostiki soda, inajitenga, chini inabaki gliserini wanapikia sabuni, juu ndo mafuta ya gari. Na mimi nachanganya, lita 20 zao kwa lita 80 za dizeli ya sheli. Kwangu lita yao ilikua chini kwa shilingi 400 hivi. Tena kinachonifurahisha kuliko bei ni kwamba wale kina mama wa chipsi wanalipwa kwa kitu walichokua wanamwaga mtaroni, hilo nalipenda sana kwa kweli.

Injini imetulia. Ule mlima wa Uyole kwenda Isyonje nikiwa na gunia kumi zamani moshi mweusi ulikua unafunga barabara nyuma, sasa umepungua kabisa, na mlio wa injini umelainika. Nguvu sijaona tofauti kwa asilimia 20, ila niliposhika nusu kwa nusu niliona lita zinaisha haraka kidogo.

Wiki ya tatu gari ikazima katikati ya mlima. Fundi wangu wa Soweto akafungua filta, tope jeusi tupu, akaniambia kaka haya mafuta yanaosha tanki, uchafu wote wa miaka umeng'oka umekuja huku. Walioniuzia hawakuniambia hata neno moja na hapo niliumia, kwa sababu ni jambo ambalo kila anayeuza analijua. Nilibadilisha filta mbili, tukashusha tanki tukaosha, basi haikurudia tena. Mipira ya mafuta nayo ikaanza kulainika na kutoa jasho, mipira ya zamani haipatani na baiodizeli, nikafunga ya vaitoni, aina ya mpira inayovumilia mafuta haya.

Sasa njoo kwenye baridi, hapa ndo penyewe. Mwezi wa saba mzigo ulichelewa nikalala Kikondo, na siku hiyo nilikua nimeweka nusu kwa nusu kwa kufuata bei. Asubuhi gari inawaka inazima, inawaka inazima, tukafungua filta ndani mna kitu cheupe kama samli. Tukachemsha maji tukamwagia filta na mabomba, bado, mpaka jua liliposhika saa nne ndo ikakubali, nafika Mwanjelwa wanunuzi wameshaondoka na viazi nikauza kwa bei ya kutupa.

Ukikaa Mbeya hili unalijua jikoni kwako, mwezi wa sita chupa ya mafuta ya kula unaikuta imeganda unaisogeza karibu na jiko. Baiodizeli inarithi tabia ya mafuta ilikotoka. Ya mawese inaanza kuweka ukungu, yaani kuganda, kwenye nyuzi joto 13 hivi, ya alizeti inavumilia mpaka karibu na sifuri. Indonesia mwaka 2025 walianza kuchanganya ya mawese asilimia 40 na magari yanatembea, lakini kule ni joto mwaka mzima, Kikondo sio Jakarta. Kwa hiyo siku hizi nauliza kwanza haya yametoka kwenye mafuta gani, wakisema mawese na ni kipindi cha baridi sichukui hata lita moja, na ninyi wa Makete na Mafinga msije mkachukua.

Kabla ya kulipa pima. Chukua chupa, weka nusu maji nusu baiodizeli, tikisa kwa nguvu, iache nusu saa. Ikijitenga safi nunua. Ikibaki nyeupe nzito kama uji, bado ina sabuni au mafuta mabichi, iache hapohapo. Usiweke akiba ya miezi pia, inavuta maji na inachacha, mimi sizidishi mwezi mmoja.

Wenye gari mpya za komoni reli, zile zinazopuliza dizeli kwa presha kubwa sana, msiige vipimo vyangu, nozeli zake ni za gharama na zinataka mafuta safi mno, hata Ulaya dizeli ya kawaida ya pampu, ile ya B7, ina baiodizeli isiyozidi asilimia 7. Kwa injini za zamani kama 5L au 1HZ ya Land Cruiser mimi nasema weka, asilimia 20, tanki likiwa limeoshwa.

Toka mwezi wa saba nilirudi dizeli tupu mpaka baridi lilipokata, mwezi wa kumi nikaanza tena. Juzi nimechukua lita 40 za alizeti, nimepima kwenye chupa zimejitenga vizuri, na filta ya akiba iko chini ya siti.