Papa potwe asubuhi, Chole jioni: siku yetu ya maji Mafia

Naandika kwa ajili ya wanandoa wa hapa hapa Tanzania wanaodhani Mafia ni ya wageni wenye dola. Mimi na mume wangu tulikwenda Januari kwa boti ya Nyamisati, tukalala nyumba ya wageni ya kawaida Kilindoni, na siku ya maji tukaipanga na vijana wa mashua pale ufukweni. Tulilipa kwa shilingi, bei ya mkaazi, bila kubembeleza. Nimewapa nyota nne kati ya tano.

Mume wangu ni mtoto wa Tanga, maji anayajua tangu akiwa mdogo. Mimi nimezaliwa Njombe. Kuogelea nilijifunza ukubwani, kwenye bwawa, na baharini nilikuwa sijawahi kuingia mahali ambapo miguu haigusi chini. Nilisema hivyo kabla ya kutoa hela. Nahodha, mtu mzima mwenye maneno machache, hakucheka. Alileta jaketi la kuokolea, akamwelekeza mume wangu namna ya kunifunga, kisha akakagua kila kamba yeye mwenyewe. Halafu akanitaka niingie maji ya kiunoni, niweke uso chini na kupumua kwa mrija mpaka nitulie. Watalii wawili tuliokuwa nao walisubiri na injini haikuwashwa. "Shemeji, hatuna haraka," aliniambia. "Potwe hatusubiri sisi. Sisi ndio tunamsubiri yeye."

Kwa asiyemjua, papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na hana habari na mtu. Chakula chake ni dagaa na vijidudu vidogo vya baharini anavyovichuja kutoka majini. Ghuba ya Kilindoni anaonekana karibu na pwani kuanzia Oktoba hivi hadi Machi. Kijana aliyetuongoza alieleza kwamba ng'ambo ya pili ni delta ya Rufiji. Mto unamwaga rutuba baharini, vijidudu vinazaliana, dagaa wanavifuata, na potwe anafuata wote. Kwa hiyo upande huu msitegemee yale maji ya buluu ya kwenye picha. Ni ya kijani, yamejaa chembe zinazoelea, huoni mbali. Msione mmepunjwa. Hicho ndicho kilichomleta.

Kumtafuta kulichukua muda, na hapo ndipo nilipoanza kuwapenda hawa vijana. Walitazama ndege, wakasogelea wavuvi wa dagaa waliokuwa wanarudi, wakasalimiana na kuulizana habari za usiku, ndipo wakauliza ameonekana wapi. Walipopata uelekeo walipunguza mwendo mapema, wakazima injini mbali kidogo naye, wakaturudia masharti: asiguswe, tukae mita tatu kutoka mwilini na zaidi ya hapo kutoka mkiani, kamera isitoe mwanga, asikatwe njia kwa mbele. Tukaingia wawili wawili, mwongozaji mmoja kwa kila jozi.

Nilishika mkono wa mume wangu kwa nguvu mpaka kucha zikamwachia alama. Mara ya kwanza sikuona kitu ila kijani. Kisha kijani kikawa na madoa meupe kama ya kanga, safu kwa safu, na madoa hayaishi. Alipita chini yetu polepole, mdomo wazi, visamaki vidogo vikiogelea mbele ya pua yake, mashavu yakifunguka na kufunga. Urefu wake ulinizidi mara nne hivi, na mwongozaji alisema huyo bado ni kijana. Alituambia pia kwamba mpangilio wa madoa haufanani kwa potwe wawili, na watafiti huwatambua kwa picha za ubavuni. Niliporudi juu nilikuwa nalia, na mume wangu, ambaye si mtu wa machozi, alikuwa vilevile.

Baadaye ilikuja mashua nyingine, ya watu wengine, imejaza wateja kupita kiasi. Wakamzunguka samaki, injini inanguruma, watu wanarukia mbele ya uso wake. Akazama. Mmoja wa wenzetu alitaka tumfuate. Nahodha wetu alikataa kwa adabu, akasema samaki amechoka, aachwe ale. Aliijua hasara ya kumkatalia mteja na bado akakataa. Kwangu mimi nyota moja nzima ni ya neno hilo.

Mchana tulivuka kwa gari kwenda Utende, upande wa mashariki, ambako ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995. Ushuru wa hifadhi ni juu yako, haumo kwenye bei ya mashua. Mwenye kitambulisho cha taifa akibebe. Huku ghuba ya Chole ni bahari nyingine kabisa. Maji maangavu, matumbawe yako karibu, hata mimi nililegeza mkono wa mume wangu na kuelea mwenyewe juu ya samaki kipepeo. Tulimwona kasa akila taratibu. Muda wa kuingia unategemea maji kujaa na kupwa, kwa hiyo msishindane na nahodha kuhusu saa.

Chakula walitupikia wanawake wa Chole, kisiwa kidogo ndani ya ghuba hiyo: wali wa nazi, pweza wa nazi laini kabisa, changu wa kuchoma, kachumbari yenye ndimu ya kutosha, na madafu. Sijala pweza kama yule Dar es Salaam, na nimetafuta. Baada ya hapo tulitembea kwenye magofu yaliyoshikwa na mizizi ya miti mikubwa, tukawatazama popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa, kisha tukarudi ng'ambo kabla ya giza.

Sasa ile nyota niliyoibakiza. Miwani ya kuogelea ni mibovu. Ya kwanza niliyopewa ilivuja, ya pili mkanda ulikatika, na ya mume wangu ilikuwa na ukungu usiofutika. Mapezi hayakuwa na saizi ndogo. Mashua nayo haina kivuli. Jua la Januari si la mchezo, vaeni nguo ya mikono mirefu. Hakuna choo pia, na wanawake wanaopanga safari wanapaswa kuambiwa mapema. Niliyasema haya yote kwa mwenye mashua tulipoagana, akayaandika kwenye simu yake.

Mkifika ufukweni, kabla ya kutoa hela ulizeni watu wangapi watakuwa kwenye mashua, wangapi wataingia majini kwa mara moja, na nani atakuwa pembeni ya asiyejua kuogelea. Anayejibu papo hapo pandeni naye. Anayewaambia "tutaangalia huko huko", tafuteni mwingine. Mashua Kilindoni zipo nyingi.